TAHARIRI: Kaunti zikome udalali wa masomo ya ng'ambo

Wazazi wa Kaunti ya Uasin Gishu waliouza mashamba na ng'ombe ili watoto wao wakasome Finland hawakupeleka fedha zao kwa kampuni ya vichochoroni. Walizikabidhi kwa serikali ya kaunti yao. Hilo ndilo linaloifanya kashfa hii kuwa nzito kuliko ulaghai wa kawaida wa viza.

Mpango wa kaunti wa kuwapeleka wanafunzi Finland, ulioanza mwaka 2021, uliitwa ufadhili, ilhali mfadhili alikuwa mzazi mwenyewe. Alilipa mamia ya maelfu ya shilingi katika akaunti iliyosimamiwa na maafisa wa kaunti, nao ndio waliopaswa kuzituma vyuoni. Mzazi akabaki Eldoret na stakabadhi ya benki. Mwanawe, katika chuo cha Tampere au cha Laurea huko Finland, akadaiwa karo ambayo nyumbani ilishalipwa. Tangu 2017, Finland huwatoza karo wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya na Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na kibali chao cha kuishi huko hutegemea kuwa masomoni. Karo isipofika, kinachopotea si muhula tu. Mwanafunzi huwa hatarini kurudishwa kwao. Wengine hata ndege hawakuiabiri.

Mwaka 2023 wazazi waliandamana, Kamati ya Elimu ya Seneti ikafanya vikao, na washukiwa wakafikishwa kortini kwa madai ya wizi wa takriban Sh1.1 bilioni. Nani ana hatia ni juu ya mahakama. Lakini ubovu wa mpango wenyewe hauhitaji kungoja hakimu. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya malezi ya watoto. Vyuo vikuu ni vya serikali ya kitaifa. Kaunti ilijiingiza katika kazi isiyo yake, ikakusanya fedha za watu kwa nembo ya umma.

Hatupingi vijana kusomea ng'ambo. Septemba 1959, juhudi za Tom Mboya ziliwapeleka wanafunzi 81 Marekani kwa ndege moja, na mwaka uliofuata mpango huo ukampeleka Wangari Maathai Kansas. Vyuo vya huko vilitoa ufadhili wa kweli, wahisani wakalipia ndege, na jamii nyumbani zikachanga za matumizi. Hadi leo, serikali za kigeni zinazowafadhili Wakenya kwa kawaida huvilipa vyuo zenyewe. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) nayo hutuma karo moja kwa moja chuoni. Njia salama inajulikana. Uasin Gishu iliikwepa.

Vyuo vya Finland navyo vina lawama yao. Chuo kinachotafuta wanafunzi wa kigeni kwa jina la kuwa cha kimataifa, kisha kikapokea kundi zima kupitia ofisi moja, kina wajibu wa kuuliza karo inapitia mikononi mwa nani. Kuufunga mlango baada ya kijana kufika ni kumwadhibu asiye na kosa.

Kwa hivyo tunadai mambo matatu. Kwanza, serikali ya Uasin Gishu imrudishie kila mzazi haki yake yote, kwa ratiba iliyotangazwa hadharani. Kubadilika kwa gavana hakufuti deni la kaunti. Pili, Wizara ya Elimu ipige marufuku kaunti yoyote kupokea karo ya masomo ya ng'ambo. Mkataba wowote na chuo cha kigeni upitie wizarani na uchapishwe kabla mzazi hajaombwa hata shilingi moja. Tatu, neno ufadhili litumike tu pale serikali au chuo kinapolipa, na majina ya wanaonufaika pamoja na vigezo vya kuwateua yawekwe wazi.

Afisa wa umma anayetaka sifa ya kuwapeleka vijana ng'ambo na atenge fedha katika bajeti, aidhinishiwe kisheria, na akaguliwe. Asiyeweza hayo asiguse karo ya mtoto wa mwenzake.