Somo la SQL Lisilofundisha Kukataa

Wanafunzi wanaokesha Kikuyu, hapa Dodoma, wakimaliza bando kwenye video za SQL, lugha ya kanzidata, wanaibiwa. Nasema wanaibiwa kwa sababu masomo mengi ya mtandaoni, yale yanayoahidi ujuzi kwa saa tatu na cheti juu yake, yanafundisha kuuliza tu: chagua hiki, panga kile, jumlisha vile. Kazi kubwa ya kanzidata, ambayo ni kukataa data mbovu isiingie, hayaigusi.

Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa mtafiti wa IBM, alipochapisha mwaka 1970 wazo lake la kupanga data kwa majedwali yanayohusiana, alizungumzia waziwazi hatari ya kurudiarudia data ile ile mpaka ijipinge yenyewe. Lugha yenyewe ya SQL ilikuja baadaye, mwaka 1974, kwa kazi ya Chamberlin na Boyce. Leo tunafundisha lugha na kutupa wazo.

Chukua chama cha wakulima wa zabibu, tuseme kule Hombolo. Kijana mwenye cheti cha saa tatu anaunda jedwali moja: jina la mkulima, simu, kijiji, kilo, bei, tarehe. Kila mzigo ukifika, jina na simu vinaandikwa upya. Katikati ya msimu mkulima mmoja ana majina matatu na simu mbili. Tena simu ameiweka kama namba ya kuhesabia, kwa hiyo sifuri ya mwanzo imepotea na 0754 imebaki 754. Siku ya malipo, mama aliyeleta kilo 800 analipwa za 500, kwa kuwa kilo 300 ziliandikwa kwa tahajia ambayo mashine inaiona ni mtu mwingine. Nani alimwambia kijana huyo kwamba mkulima anastahili jedwali lake na ufunguo wake, yaani namba ya kumtambulisha yeye peke yake, na kila mzigo utaje ufunguo huo? Hakuna. Alijifunzia Northwind, kanzidata ya mfano ya Microsoft, ambayo mteja wake wa kwanza ni Alfreds Futterkiste wa Berlin. Majedwali aliyakuta yamekwisha kupangwa. Yeye hakupanga hata moja.

Wapo wanaojitahidi kufundisha funguo, lakini kwa SQLite, bila kusema kwamba kwa kawaida programu hiyo ya kanzidata haisimamii ufunguo wa kigeni, yaani ule unaotaja mstari wa jedwali jingine, mpaka uiamrishe kwa PRAGMA foreign_keys = ON, tena kila unapojiunganisha nayo. Mwanafunzi anamfuta mkulima, mizigo inabaki haina mwenyewe, skrini haitoi onyo lolote, naye anaamini ameelewa.

Halafu kuna NULL, alama ya nafasi isiyo na thamani. Uliza kwa NOT IN ni wakulima gani hawamo kwenye orodha ya waliolipwa. Orodha ikiwa na NULL moja tu, jibu linarudi tupu, na ofisi inaamini kila mtu amelipwa! Somo linalopita hapo kimya halistahili hata megabaiti moja.

Kinachoniudhi zaidi ni masomo ya PHP yanayobandika alichoandika mtumiaji moja kwa moja ndani ya amri ya SQL, hata mtu mwenye nia mbaya aweze kuigeuza amri hiyo. Yapo bado yanayotumia mysql_query, iliyoondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na bado tunawaacha vijana wajifunze namna ya kuvujisha taarifa za wagonjwa na wateja.

Walimu wa vyuo, acheni kuwaambia wanafunzi "nendeni YouTube". Mji huu una Chuo Kikuu cha Dodoma na St John's, vyote vya mwaka 2007. Andikeni somo la kanzidata kwa Kiswahili, lenye zabibu, majina matatu ya Kitanzania na simu zinazoanza na sifuri.

Na wewe mwanafunzi, lipime somo lako leo. Ingiza mzigo wa mkulima asiyekuwepo, wenye kilo hasi 50. Kama mwalimu wako hajakuonyesha jinsi ya kuifanya kanzidata ikatae makosa yote mawili, achana naye. Fungua mwongozo wa PostgreSQL, ambao ni bure na, kwa kuwa ni maandishi, unakula bando kidogo tu, uanze na sura ya 5, inayoeleza kuunda majedwali na vizuizi vyake.