Konokono ndani ya bwawa la samaki



Wengi wetu hapa Likasi tumechimba bwawa dogo nyuma ya nyumba ili kufuga tilapia. Ni kazi nzuri, watoto wanapata samaki. Lakini wiki iliyopita mwanafunzi wangu mmoja aliniambia kwa haya kwamba anakojoa damu. Kwao, yeye ndiye anasafisha bwawa, miguu mitupu.

Ile ni bilarzioze, ao kichocho. Mgonjwa akikojoa majini, vidudu vinatoka katika mayai na kuingia ndani ya konokono. Nyuma ya wiki kadhaa vinatoka kwa wingi na kupenya ngozi ya yeyote aliye majini.

Kuokota konokono hakumalizi kazi: akibaki mmoja, anaweza kuzaa bila mwenzake. Na dawa ya kuwaua inaua samaki pia. Basi tufanye hivi. Tung'oe majani ya pembezoni, kwani humo wanataga mayai. Wakati wa kiangazi, tukisha kuvua samaki, tutoe maji yote, matope yakauke mpaka yapasuke, wengi watakufa. Choo kiwe mbali. Anayeingia majini awe mtu mzima, avae mabuti ya mpira na glavu.

Tena, mama, muulize mtoto wako polepole, bila kumgombeza: mkojo una rangi gani? Ukiwa na damu, mpeleke kituo cha afya. Dawa ipo, ni vidonge vya prazikwanteli. Mwanafunzi wangu alinyamaza muda mrefu kwa sababu hakuna aliyemuuliza.