Mchoro Uchorwe na Anayesoma

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anaweza kusoma aya nzima ya Kiingereza kwa sauti bila kukwama, kisha akiulizwa aya imesema nini, anainamisha kichwa. Kila mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu za sekondari amekutana na hali hiyo, na wengi wetu tuna jibu lile lile: mtoto hana msamiati. Basi tunampa orodha ya maneno, anaikariri, na wiki inayofuata anainamisha kichwa tena. Jibu hilo lina ukweli, ila halitoshi. Watoto wetu hawajaonyeshwa jinsi maandishi ya Kiingereza yanavyojengwa: kipi ni sababu na kipi ni matokeo, wapi mwandishi analinganisha, wapi anapinga alichokwisha kusema, wapi ametoa mfano tu. Toleo hili tumeliweka wakfu kwa nyenzo moja inayoweza kuwaonyesha hayo, nayo ni michoro ya kupangia mawazo ya matini. Tunaitetea kwa sharti ambalo hatuko tayari kulilegeza: mchoro uchorwe na mwanafunzi anayesoma, na umbo lake litoke katika matini anayoisoma.

Mzigo anaoubeba mwanafunzi huyu si mdogo. Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, Tanzania Bara. Akivuka kuingia sekondari, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza nchini, wakaeleza bila kuficha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na uwezo wa kusoma unaohitajika ili kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Tangu hapo shule za kata zimejengwa, ada ya sekondari imeondolewa kuanzia 2016, na madarasa yamejaa watoto ambao zamani wasingefika huko kabisa. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini waliyoyasema Criper na Dodd bado yanatuhusu, kwa sababu asiyejua kusoma katika kipindi cha Kiingereza hakwami hapo tu. Anakwama katika biolojia, katika jiografia na katika historia, tena siku hiyo hiyo.

Michoro tunayoizungumzia si migeni. Mwaka 1960 mwanasaikolojia wa Marekani David Ausubel alionyesha kwamba msomaji hushika zaidi habari mpya akitanguliziwa mawazo makuu ya kuzitundikia. Richard Barron akaligeuza wazo hilo kuwa mchoro wa darasani mwaka 1969. Mwaka 1986 Donna Ogle akaleta jedwali lake la safu tatu: ninachojua, ninachotaka kujua, nilichojifunza. Ukiongeza mstari wa wakati, jedwali la kulinganisha, mishale ya sababu na matokeo, na duara zinazopishana ambazo John Venn alizieleza mwaka 1880, umepata karibu kila kinachohitajika. Hakuna hata kimoja kinachodai umeme, kompyuta au karatasi ya kuchapisha. Vyote vinachorwa kwa chaki ubaoni na kwa kalamu daftarini.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mwalimu ameandika ubaoni aya ya Kiingereza kuhusu sangara wa Ziwa Victoria. Aya inaanza na viwanda vya minofu vilivyoshamiri Mwanza katika miaka ya 1990 na samaki waliosafirishwa hadi Ulaya. Kisha inarudi nyuma, miaka ya 1950 na 1960, sangara alipopandikizwa ziwani. Inaeleza jinsi furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi waliokuwa chakula cha kila siku cha watu wa ziwani, walivyotoweka kwa kasi miaka ya 1980. Inamaliza na miti: furu walianikwa juani wakakauka, lakini sangara ana mafuta mengi, hakaushwi kwa jua, hivyo wachakataji wakahitaji kuni za kumbanika.

Anayesoma neno kwa neno atatoka na samaki, viwanda na miti, kila kimoja kikiwa peke yake. Tena anaweza kudhani kuwa kilichotajwa mwanzo ndicho kilichotokea mwanzo, yaani viwanda vilitangulia sangara. Sasa mwambie achore visanduku, kila tukio na kisanduku chake, kisha aviunge kwa mishale inayotoka kwenye sababu kwenda kwenye matokeo. Kazi imebadilika papo hapo. Hawezi kuchora mshale bila kuamua, na hawezi kuamua bila kurudi kwenye sentensi.

Akirudi, atakutana na vitu ambavyo orodha ya msamiati haikumfundisha. Aya inasema kutoweka kwa furu kulikuwa "due to" sangara, na mstari wa chini inasema kuja kwa sangara "led to" ukataji wa miti. Mwanafunzi anayeyajua maneno yote ya sentensi hizo bado anaweza kukosea, kwa sababu usemi wa kwanza unatanguliza matokeo na wa pili unatanguliza sababu. Katika usomaji wa kimyakimya kosa hilo halionekani. Kwenye mchoro linaonekana mara moja, mshale umeelekea kusiko. Mwalimu anayepita kati ya madawati analiona kwa kutupa jicho tu, hata kama darasa lina wanafunzi 70, wakati majibu ya sentensi nzima angeyasahihisha hadi usiku.

Kisha waweke wawili wawili walinganishe michoro. Mmoja amechora mshale kutoka kwa sangara kwenda kwenye miti moja kwa moja; mwenzake amepitisha kwenye mafuta, kwenye kubanika, ndipo kwenye kuni. Watabishana, na mabishano yatawarudisha wote wawili kwenye aya. Hapo ndipo ufahamu unapojengeka. Na wabishane kwa Kiswahili. Tunalisema hili tukijua kuwa kuna shule zinazomwadhibu mtoto kwa kutamka neno la Kiswahili darasani. Mtoto anayepima sababu na matokeo anahitaji lugha anayoimudu kufikiria. Maneno ya visandukuni yabaki ya Kiingereza, na sentensi atakazoandika mwisho ziwe za Kiingereza. Kwa utaratibu huo Kiswahili kinamfikisha kwenye Kiingereza badala ya kumzuia.

Utafiti unaunga mkono sharti tulilolitaja mwanzo. Jopo la Kitaifa la Usomaji la Marekani, katika ripoti yake ya 2000, liliiweka michoro ya aina hii miongoni mwa mbinu chache za ufahamu zenye ushahidi wa kutosha. Lakini si kila mchoro una nguvu sawa. Mwaka 1984 David Moore na John Readence, walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi, waliona kuwa faida ni kubwa zaidi mchoro unapotengenezwa baada ya kusoma kuliko unapotolewa kabla. Mwaka 2007 Xiangying Jiang na William Grabe, wakizungumzia hasa wanaosoma kwa lugha isiyo yao, walisisitiza kuwa michoro inayofuata muundo halisi wa matini ndiyo yenye ushahidi ulio imara, kuliko ile ya jumla inayobandikwa juu ya maandishi yoyote.

Tukijipima kwa vigezo hivyo, tunalo la kurekebisha. Katika madarasa mengi mwalimu ndiye anayechora, mchoro unapendeza, na wanafunzi wanakopi kama wanavyokopi notisi nyingine zote. Kazi ya kufikiri imefanywa na mtu ambaye tayari alikuwa ameelewa. Katika mengine kila matini hupewa umbo lile lile, duara katikati na miale pande zote, hata kama aya inasimulia hatua za kutengeneza kitu au inalinganisha mambo mawili. Miale haina mwanzo wala mwisho, wala haionyeshi kipi kimezaa kipi. Mwanafunzi anayeitumia kwa habari ya sangara ataupoteza mfuatano wote. Na mara nyingi somo huishia mchoroni. Mchoro unapaswa kurudishwa kuwa lugha: mwanafunzi afunike matini, atazame visanduku vyake, aandike sentensi nne au tano kwa maneno yake mwenyewe. Huo ndio muhtasari, na muhtasari ni kitu ambacho mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne umekuwa ukimdai pamoja na maswali ya ufahamu. Mwalimu anayehofia kwamba michoro itamlia muda wa silabasi akumbuke hilo: anafundisha kile kile ambacho mwanafunzi atatahiniwa.

Hatutaki pia kuipa michoro sifa isiyo yake. Haiwezi kuwa badala ya msamiati. Marcella Hu na Paul Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba ili msomaji aielewe hadithi vizuri bila msaada, anahitaji kujua karibu asilimia 98 ya maneno yaliyomo. Mwanafunzi asiyejua nusu ya maneno ya aya hataokolewa na kisanduku wala mshale. Kwa hiyo matini za kuanzia ziwe fupi na nyepesi, na zihusu mambo anayoyafahamu, kama vile ziwa, soko, kilimo cha mahindi au malaria. Wala michoro haiwezi kuwa badala ya vitabu. Mpango ulioanzishwa baada ya ripoti ya Criper na Dodd ya 1984 ulipeleka shuleni vitabu vyepesi vya hadithi za Kiingereza, na wazo lake lilikuwa sahihi: kusoma hujengwa kwa kusoma sana. Rafu tupu za maktaba za shule zinahitaji kujazwa, na hakuna mbinu ya darasani itakayoliondoa deni hilo.

Yupo pia atakayesema kwamba tunatibu dalili na kuuacha ugonjwa, kwa kuwa shida yenyewe ni kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoijua. Wasomi kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameieleza hoja hiyo kwa miaka mingi, na wameieleza vizuri: Kiingereza kifundishwe vyema kama somo, na maarifa yapitie katika lugha ambayo mtoto anaielewa. Jarida hili halina ugomvi na hoja hiyo. Mjadala wa sera uendelee na ufikie uamuzi. Lakini sera hubadilika kwa miaka, na mtoto aliyeingia Kidato cha Kwanza Januari atakuwa ameketi kwenye mtihani wa Kidato cha Pili kabla mjadala haujaisha. Zaidi ya hayo, siku Kiswahili kitakapokuwa lugha ya kufundishia sekondari, Kiingereza kitabaki kuwa somo na matini zake zitabaki kuhitaji msomaji anayeona muundo. Uwezo wa kutenganisha sababu na matokeo, dai na mfano, hauna lugha moja. Mwanafunzi atautumia pia kusoma gazeti la Kiswahili na mkataba wa kazi.

Makala za toleo hili zimepangwa kwa kufuata aina za matini: masimulizi, maelezo ya hatua, ulinganisho, sababu na matokeo, tatizo na utatuzi. Kila moja inapendekeza umbo linalofaa na namna ya kumwachia mwanafunzi kazi. Tunaomba zisomwe pia na wasio walimu wa Kiingereza, kwa maana mwalimu wa historia anayeeleza chanzo cha Vita vya Majimaji na mwalimu wa biolojia anayeeleza mnyororo wa chakula wanabeba mzigo huu huu.

Kwa wakuu wa shule na wathibiti ubora tuna ombi mahususi. Mnapoingia darasani kukagua somo la ufahamu, msipime uzuri wa mchoro ulioko ubaoni. Fungueni madaftari. Mkikuta michoro yote inafanana hadi kwenye nukta, basi aliyesoma siku hiyo ni mwalimu peke yake. Mkikuta michoro inatofautiana, mingine ina mishale iliyofutwa na kuchorwa upya, na chini yake kuna sentensi za mwanafunzi mwenyewe zenye makosa yake mwenyewe, mwacheni mwalimu huyo aendelee, hata kama yuko nyuma ya silabasi kwa wiki moja. Mpeni muda na matini zaidi, na muwatume walimu wengine wakajifunze kwake.