Mlinzi Hakukosa Nia

Mlinzi akiacha chuo cha ufundi katikati ya mwaka, hukumu huwa tayari kabla hajarudisha overoli: hakuwa na nia, vijana wa siku hizi wanataka vya haraka. Nimeyasikia maneno hayo kwa wasimamizi wa malindo, kwa walimu, kwa shangazi yangu, na juzi kwa abiria niliyekaa naye kiti kimoja kwenye daladala la Mbagala. Mimi nililinda ghala Kurasini usiku huku mchana nikisomea umeme wa majumbani, na nilimaliza. Kumaliza kwangu kumegeuzwa fimbo ya kuwachapia wenzangu walioishia njiani. Sikubali, na ndiyo sababu nayajibu maneno haya moja baada ya jingine.

"Ada yenyewe elfu sitini kwa mwaka, nani wa kushindwa?" Ni kweli kwamba ada ya kutwa kwenye vyuo vya ufundi vya VETA imekuwa Sh60,000 kwa mwaka, na ya bweni Sh120,000. Ni ada inayomfikiria mnyonge na naiheshimu. Lakini hebu tupige hesabu ya mlinzi. Amri ya mshahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha Sh148,000 kwa mwezi kwa walinzi wa kampuni ndogo. Mimi kutoka lindoni kwenda chuoni nilipanda basi moja, kutoka chuoni kwenda nyumbani mabasi mawili, na kurudi lindoni jioni basi jingine. Ukihesabu kila basi Sh600, siku moja ni Sh2,400, na mwezi wenye siku 20 za masomo ni Sh48,000. Karibu theluthi ya mshahara imekwenda kwa kondakta kabla hujagusa kodi ya chumba, unga, wala hela ya kumtumia mama. Kwa miezi kumi nauli inafika Sh480,000, mara nane ya ada. Kisha kuna overoli, buti, plaizi, testa na bisibisi, navyo huwezi kuviazima kwa jirani wa dawati kila siku, kwa sababu naye anavitumia saa ileile. Anayetaja ada peke yake ametaja kitu kidogo kuliko vyote.

Hata hivyo pesa ningeweza kuzibana. Kilichonishinda mara nyingi ni saa, na hapo ndipo hoja ya pili inaponiuma: "Si ulinde usiku, usome mchana? Mlinzi kazi yake ni kukaa tu."

Zamu yetu ilianza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Kwisha kwenyewe kulitegemea mwenzangu wa kunipokea. Akikwama kwenye foleni, mimi siondoki. Kuacha lindo tupu ni kufukuzwa. Kipindi cha kwanza chuoni kilianza saa mbili na mwalimu alifunga mlango wa karakana saa mbili na robo, kwa haki kabisa, kwani maelekezo ya usalama hutolewa mwanzoni. Tukitoka saa nane na nusu, nafika chumbani saa kumi. Saa kumi na moja niko tena kituoni kungoja basi. Siku tano za wiki usingizi wangu wa kitandani haukuwepo. Nililala kwenye mabasi, na nikiri pia kwamba nililala lindoni, kwenye kiti cha plastiki, tochi mkononi.

Wanaosema "kukaa tu" hawajui usingizi unamfanya nini fundi umeme. Siku moja kwenye zoezi la taa moja na swichi moja, kazi ambayo mwanafunzi wa mwezi wa pili anaifanya bila kufikiri, nilipitisha swichi kwenye niutro badala ya laini. Taa iliwaka na kuzimika vizuri. Ubaya wa kosa hilo ni kwamba swichi ikizimwa, holda inabaki na umeme wa volti 230, na atakayeligundua ni mama wa nyumba aliyepanda juu ya stuli kubadilisha balbu. Mwalimu alilikamata kwa testa. Aliniuliza, "Kijana, ulilala saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Alinitoa karakanani siku ile, na alifanya sawa. Nilikaa chini ya mwembe nikitetemeka, kwa sababu nililijua somo lile kwa moyo.

Na hiyo zamu yenyewe, tusiizungumze kama mvua ambayo haina mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saa za ziada zisizozidi 50 kwa kila wiki nne. Jumla kwa wiki nne ni saa 230. Zamu ya saa 12 kwa siku sita inazaa saa 288. Zile 58 zilizozidi ndizo ambazo ningelala, au ningesoma. Mlinzi hakuomba upendeleo. Alinyimwa hata kile ambacho tayari kimeandikwa.

Hapo msimamizi wangu angejibu, kama alivyonijibu nilipoomba kuhamishiwa lindo la karibu na chuo: "Kampuni iliajiri mlinzi, haikuajiri mwanafunzi." Nilisema "Sawa, afande," nikatoka. Sikujua wakati ule ninachokijua sasa. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Julai 2023 iliwekwa kuwa asilimia 3.5 ya jumla ya malipo ya wafanyakazi wake, na sehemu ya tozo hiyo huenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Maana yake ni kwamba mshahara wa mlinzi getini umo katika hesabu inayosaidia kulipia karakana za nchi hii. Mwajiri huyo huyo anayelipa ili watu wafundishwe ndiye anayemzuia wa kwake kuingia darasani, si kwa ubaya wa moyo, bali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mambo haya mawili ni jambo moja. Sheria ya kazi imetaja likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi na ya msiba. Mtihani wa ufundi haumo. Mimi mtihani wangu wa vitendo niliufanya kwa siku niliyokatwa mshahara.

Wapo wanaosema ufundi ni wa waliofeli. Hao nawapita. Nchi imeshaingiza mkondo wa amali kwenye sekondari, na anayebaki na wazo hilo amwite mwanasheria siku nyumba yake itakapoingia giza.

Hoja inayohitaji heshima zaidi ni ile ya mafundi wenyewe: "Ufundi ni mikono. Njoo saiti, mwaka mmoja utajua kuliko hao wa chuo. Cheti ni karatasi." Kaka yangu mmoja wa mtaani amefanya wayaringi tangu nikiwa darasa la tano, na hadi leo nikikwama kwenye swichi za ngazini nampigia simu yeye. Kuhusu mikono ana haki. Ila nyumba akishaimaliza, haiungwi umeme wa TANESCO mpaka fomu ipate saini ya mtu mwenye leseni ya EWURA, na leseni huombwa kwa vyeti. Hivyo kazi anafanya yeye, mwenye leseni anakuja siku ya mwisho, anatazama bodi ya sakiti breka kwa dakika kumi, anasaini na kuondoka na fungu lake. Miaka yote hiyo kaka yangu amekuwa akilipia karatasi anayoidharau. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunzia kazini, na nimemsihi aende. Jibu lake ni lile lile la mlinzi: siku za kupimwa, nitakula nini?

Wengine husema basi mlinzi aache kazi kwanza, asome, arudi kazini baadaye. Ushauri huo ni wa mtu mwenye wa kumlisha. Mikopo ya serikali ilijengwa kwa ajili ya chuo kikuu. Mwaka wa masomo 2023/24 mlango ulifunguliwa kwa stashahada za fani chache, lakini haukumfikia anayesomea cheti cha ngazi ya kwanza, ambaye mara nyingi ndiye maskini kuliko wote waliomo kwenye foleni.

Ninachokitaka si kigeni. VETA yenyewe inaendesha mafunzo ya uanagenzi pacha, ambamo mwanafunzi hugawa muda wake kati ya chuo na mahali pa kazi kwa ratiba iliyokubaliwa na pande zote mbili. Wazo hilo ni zuri mno kubaki la wale tu ambao kazi yao na fani yao ni kitu kimoja. Muuza duka, mhudumu wa hoteli, mlinzi, nao wana waajiri wanaoweza kuketi na chuo wakapanga zamu ya miezi sita. Tena mitaala yetu inasema inapima umahiri, si muda wa kukaa darasani. Kama ni hivyo, aliyefaulu sehemu moja aihifadhi, aendelee na nyingine jioni au Jumamosi, hata kama cheti cha mwaka mmoja kitamchukua mitatu. Kozi fupi za jioni zipo, na zinasaidia, lakini nyingi hazikufikishi kwenye cheti chenyewe.

Limebaki lile ninaloambiwa usoni: "Mbona wewe uliweza?"

Niliweza kwa sababu tulikuwa wawili lindoni. Mwenzangu alikuwa anasomea ufundi bomba, chuo kingine, na tulipatana kwamba mtihani wa mmoja ukikaribia, mwingine atakesha peke yake ili mwenziwe alale kuanzia saa sita usiku. Wangu ulitangulia. Alikesha wiki mbili nzima, akiniamsha saa kumi na moja alfajiri kwa kunigusa bega, maji ya kunawa yakiwa tayari kwenye kopo. Zamu yake ya kulala ilipofika, kampuni ilikuwa imepunguza lindo letu likawa la mtu mmoja. Bado yuko pale Kurasini. Alibakiza moduli mbili.