Mvua Haisomi Daftari la Zaka

Kuanzia mwisho wa 2020 mvua ilitukosa misimu mitano mfululizo, na sisi waumini wa Ndara, huku Taita, hatukuhangaika kutafuta sababu. Tulikuwa nayo: wapika pombe, wasichana waliozalia nyumbani, na wanaoishi pamoja bila ndoa ya kanisa. Kwenye ibada moja ya kuomba mvua, chini ya mwarubaini, mzee wa kanisa aliwataja wakosaji mtaa kwa mtaa. Mtaa wake aliuruka. Msichana mmoja aliyeketi nyuma alimfunga mtoto vizuri mgongoni, akavuta leso hadi usoni, akashika njia. Tuliendelea kuomba. Na mimi niliitikia amina, tena kwa sauti.

Imani hii ina umri. Mmisionari Joseph Alfred Wray wa shirika la CMS alifika Sagalla, hukuhuku Taita, mwaka 1883. Haukupita muda mvua ikakosa, na wenyeji wakamlaumu yeye kuwa ndiye aliyeizuia. Leo sisi, vitukuu vya wanafunzi wake, tumeiokota fimbo ileile aliyochapwa nayo. Tena tunaipaka aya za Biblia.

Aya zipi, sijui. Yesu mwenyewe aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakana katakata kwamba waliwazidi wenzao kwa dhambi. Waliobaki hai ndio aliowaambia watubu.

Wazee wetu wa Kitaita, hao tunaowaita wapagani, walipofanya kutasa walipiga funda la kinywaji wakalitema kwa kunyunyiza, huku wakiitoa hasira iliyo mioyoni mwao wenyewe, ndipo waombe baraka. Sisemi hiyo ni Injili. Ila mwombaji alianza na moyo wake, na hapo walitushinda.

Najua nitakachojibiwa: ukihubiri neema tupu, vijana wataharibika. Nani aliharibiwa na neema chini ya ule mwarubaini? Msichana yule hata hakuonjeshwa. Aliondolewa na watu waliopokelewa bure, kisha wakaweka kiingilio mlangoni.

Mvua iliporudi, ndovu wa Tsavo walirudi nayo. Usiku mmoja walivamia shamba la mpika pombe. Mzee akasema ni adhabu. Wiki hiyohiyo wakamaliza mahindi yake mwenyewe, mpaka mabua. Hilo, akatuambia kanisani, ni jaribu.