Kabla hujaificha bastola kiunoni

Mfanyabiashara mmoja wa vipuri vya magari katika Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, alinieleza majuzi jambo ambalo bila shaka linawasumbua wengi. Kila jioni hufunga duka akiwa na pesa za mauzo mfukoni, na mara mbili amefuatwa na vijana asiowajua hadi karibu na lango la nyumbani. Sasa ameamua kuomba cheti cha kumiliki bunduki. Alichotaka kujua ni bastola gani ndogo inayoweza kubebwa ndani ya nguo bila wateja, makarani wake au abiria wenzake kushuku lolote. Mkewe, akaongeza kwa sauti ya chini, alikuwa bado hajamwambia.

Hilo la mke tutalifikia. Kwanza tuelewane kuhusu sheria, kwani hapa Kenya mtu haingii dukani akachagua bastola kama anayechagua viatu. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kumiliki bunduki si haki ya raia bali ni ruhusa. Mwombaji ni lazima awe na sababu nzuri ya kuitaka, na wanaotoa cheti waridhike kwamba hatahatarisha usalama wa umma, kwamba si mlevi wa kupindukia na kwamba akili yake ni timamu. Cheti hutaja aina ya silaha na kiasi cha risasi ambacho mtu anaruhusiwa kuwa nacho. Kwa hivyo anayedhani atanunua hii leo, aichoke, kisha abadilishane na rafiki yake mwezi ujao, ajue anajitafutia kesi. Isitoshe, mnamo Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye bunduki wapigwe msasa upya, na wengi waliokuwa wamezoea kuiona karatasi hiyo kama ya kudumu wakajikuta kwenye foleni pamoja na wageni.

Mambo ni tofauti kule Marekani, ambako ndiko kuliko na soko kubwa la bastola hizi ndogo. Juni 2022 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba raia ana haki ya kubeba bastola nje ya nyumba yake ili kujilinda. Jimbo la Texas, ambako Wakenya wengi wamehamia, lilikuwa tayari limeondoa ulazima wa leseni ya kubeba tangu Septemba 2021. Hata hivyo, mzazi aliye na mtoto anayesoma huko na amkumbushe kitu kimoja: aliyeingia kwa viza ya masomo hakubaliwi na sheria ya shirikisho kumiliki bunduki wala risasi, ila katika hali chache kama vile kuwa na leseni ya uwindaji. Wenyeji wa chumba kimoja naye huenda wakawa nazo tele. Yeye asiiguse.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba kinachofanya bastola ionekane ndani ya nguo ni urefu wa mtutu. Sivyo. Mtutu huzama ndani ya suruali ukapotea. Kinachomsaliti mbebaji ni mpini, kwa kuwa hutokeza juu ya mshipi, na ukiinama kufunga kamba za kiatu unalisukuma shati kwa nyuma mithili ya kiwiko. Cha pili ni unene. Bastola nene ya inchi moja na nusu huonekana chini ya shati la kitenge hata kama ni fupi, ilhali nyembamba ya inchi moja hulala ubavuni ikatulia.

Chukua mfano wa Glock, bastola ya Austria ambayo sehemu yake ya mpini imetengenezwa kwa plastiki ngumu. Ya kwanza, Glock 17 ya mwaka 1982, ni ya askari na hubeba risasi 17. Mwaka 1988 wakatoa Glock 19, yenye mtutu wa milimita 102 na risasi 15. Katikati ya miaka ya tisini ikaja Glock 26, mtutu wa milimita 87 na risasi 10, mpini wake ukiwa mfupi hivi kwamba kidole cha mwisho hakina pa kushika. Kisha mwaka 2015 ikatoka Glock 43, nyembamba zaidi, kwa sababu risasi zake sita hupangwa safu moja badala ya safu mbili zinazopishana.

Huenda ukajiuliza kwa nini ile ya miaka ya tisini ikawa na risasi 10 kamili. Mwaka 1994 Marekani ilipitisha sheria iliyopiga marufuku utengenezaji wa magazini mpya za kuuziwa raia zinazozidi risasi 10. Wanunuzi wakaona hakuna haja ya kubeba bastola kubwa yenye nafasi isiyotumika, na viwanda vikashindana kuzipunguza. Sheria hiyo ilikoma Septemba 2004, lakini watu walikuwa wamekwisha kuonja wepesi. Mnamo 2018 kampuni ya SIG Sauer ilileta P365, ambayo ni ndogo karibu kama zile za risasi sita na bado hubeba 10. Tangu hapo kila kiwanda kimeiga.

Hapa kwetu jina linalotajwa sana ni Ceska, yaani bastola za kiwanda cha CZ cha Wacheki. CZ 75, iliyoanza mwaka 1975, ni chuma kitupu na ina uzito wa takriban kilo moja. Ni silaha nzuri mno kulengea shabaha. Lakini ifunge kiunoni kutoka asubuhi, upande matatu nayo, ukae ofisini nayo, upande ngazi nayo, na kufikia saa kumi utakuwa ukitembea umeegemea upande mmoja kama aliyebeba ndoo ya maji. Ndipo mtu huanza kuiacha nyumbani siku za Jumanne, kisha Jumatano, na bastola iliyoachwa chini ya godoro ina hatari zote za bastola bila faida hata moja.

Basi je, anunue iliyo ndogo kabisa? Hapa ndipo wauzaji wasiposema ukweli wote. Kadiri bastola inavyopungua ndivyo inavyozidi kuwa ngumu kuitumia. Chuma chepesi hupiga teke kali zaidi mkononi. Mtutu mfupi huifanya nafasi kati ya alama mbili za kulengea kuwa fupi pia, kwa hivyo kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Tena springi ya bastola ndogo huwa ngumu, na mwenye viganja dhaifu, awe mzee au mwenye yabisi-kavu, hupata taabu kuivuta nyuma ili kuikoki. Ni kwa sababu hiyo Smith & Wesson walitoa mwaka 2018 aina waliyoiita Shield EZ, yenye springi nyepesi. Bastola ndogo ni ya fundi aliyekwisha kufunzwa. Mwanafunzi apewe ya wastani.

Maoni yangu ni kwamba mtu anayeanza achague ya ukubwa wa kati, ya kimo cha Glock 19 au CZ 75 iliyofupishwa, halafu abadilishe mavazi badala ya kutafuta bastola ya kuingia katika suruali ya kubana. Shati lisilochomekwa au koti la suti huficha mengi. Askari kanzu hawajawahi kukosa pa kuweka zao.

Kuhusu risasi sina maneno mengi. Ile ya milimita tisa iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwaka 1902 ndiyo inayopatikana kila mahali, na anayetaka kufanya mazoezi asichague risasi adimu. Iko na ndugu yake mfupi, ya mwaka 1908, yenye nguvu kidogo zaidi ya nusu, na teke lake ni la upole. Vijana wanaoipenda Walther PPK kwa sababu James Bond alikabidhiwa moja katika filamu ya Dr. No ya 1962 wakumbuke kwamba Bond hulipwa na mtayarishaji filamu asikose shabaha. Zipo pia rivolva za risasi tano, kama zile Smith & Wesson walizoanza kuziuza mwaka 1950. Hazikwami ovyo wala hazina magazini ya kusahauliwa, ila kifyatulio chake ni kizito na tano ni tano tu.

Jambo moja linastahili kusemwa polepole. Ukitoa magazini, bastola haijawa tupu. Risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu, tayari, na bastola nyingi huilipua hata kama magazini iko mezani mbele yako. Baba huitoa magazini, huiweka kando, humwambia mtoto kwamba sasa haina neno, na familia huingia katika msiba. Ni lazima sehemu ya juu ivutwe nyuma, mtu atazame kwa macho, na aingize kidole kuhakikisha.

Pia ujue vizuizi vya bastola unayoinunua. Nyingine, kama Makarov ya Warusi, zina kiwiko kando cha kufunga. Glock haina. Vizuizi vyake viko ndani, na ukivuta kifyatulio hasa, itafyatuka. Silaha ya namna hiyo haitupwi katika mfuko wa koti pamoja na funguo na kalamu. Inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio chote na isiyolegea ukiketi. Wanunuzi hutumia pesa nyingi kwa bastola kisha wakabana senti kwenye ala, nami naona afadhali wangefanya kinyume. Msomaji wa Mombasa aongeze hapo kitambaa na mafuta, kwani jasho na upepo wa chumvi huila chuma kabla mwenyewe hajagundua.

Akina mama nao hushauriwa kuiweka katika mkoba wa mkononi. Tarehe 30 Desemba 2014, katika duka la Walmart mjini Hayden, jimbo la Idaho, mama mmoja alikuwa akinunua vitu na watoto. Alikuwa na kibali. Mkoba wake ulikuwa wa aina iliyoshonwa maalum kwa ajili ya bastola, wenye mfuko wa zipu. Mwanawe wa miaka miwili, aliyeketi ndani ya kigari cha kubebea bidhaa, aliifikia bastola hiyo, ikafyatuka na kumuua mamake papo hapo. Hakuwa mzembe wa kupigiwa mfano. Alikuwa mtu aliyeiweka silaha mahali ambapo mkono wa mtoto hufika kila siku kutafuta peremende.

Ndiyo maana suala la mke haliwezi kuachwa hadi baada ya kununua. Nyumba za wengi wetu ni za vyumba viwili au vitatu. Kuna watoto, kuna msaidizi wa kazi, kuna binamu aliyekuja kutafuta kazi na anayelala sebuleni. Hakuna kitu kinachofichika humo zaidi ya juma moja. Inahitajika sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa bolti, na risasi za akiba zifungiwe mbali na bastola. Funguo zisitundikwe kwenye msumari nyuma ya mlango. Bei ya sefu iingizwe katika bei ya bastola tangu mwanzo, pamoja na ya mafunzo na ya risasi za kufanyia mazoezi katika uwanja wa kulenga shabaha kama ule wa Kirigiti, Kiambu. Ukipiga hesabu hiyo yote na ukaona inakuzidi, basi bastola yenyewe imekuzidi.

Na jioni za Ijumaa? Anayepitia nyama choma na chupa mbili tatu aifungie sefuni kabla ya kutoka. Tumesoma mara nyingi kuhusu bastola zilizochomolewa katika vilabu kwa ugomvi wa kiti.

Nilimwuliza yule bwana wa vipuri ni kiasi gani cha mauzo yake hupokewa kwa pesa taslimu. Akasema ni zaidi ya nusu, kwa sababu mafundi wake hawapendi makato ya kulipa kwa simu. Nikamshauri abebe gharama hizo yeye mwenyewe kwa miezi mitatu, apeleke zinazobaki benki saa nane mchana badala ya kutembea nazo usiku, na abadilishe njia ya kurudi nyumbani. Fomu ya maombi anaweza kuendelea kuijaza. Lakini kabla ya kuipeleka, waketi na mkewe, waamue sefu itafungwa ukuta upi.