Vakanse kubwa: kijana wa mchimbaji ashike mwiko

Masomo yamefungwa. Kutoka mwanzo wa mwezi wa saba mpaka mwanzo wa mwezi wa kenda watoto wetu wako ku nyumba, na mu Kolwezi hii, mu Likasi, mu Fungurume, kila mzazi anajua swali linalokuja: watafanya nini? Mwenye feza anatuma wake kwa shangazi yao Lubumbashi. Sisi wengine tunawaangalia wanalala mpaka saa tatu ya asubui juu ya baridi, kisha wanapotea na barabara. Siku ya tatu unasikia mmoja wao ameonekana ku mto, anasafisha mabwe.

Nasema wazi wazi juu ni kazi yangu kusema. Mimi ni delege wa sendika, miaka mingi sasa, na kila vakanse ni ileile. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40 000 wanafanya kazi ku migodi ya upande wetu huu wa kusini. Sheria iko: Kodi ya mine inasema kuchimba kwa mikono ni kazi ya mtu mzima, na sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inalinda mtoto na kazi mbaya za namna ile. Lakini mu vakanse ni kama vile sheria nayo imeenda konje. Tena ni wakati wa kiangazi, mashimo ni makavu, maji hayajai ndani, hivi wachimbaji wanaongezeka, na wenye kununua mabwe hawaulizi aliyebeba mfuko iko na miaka ngapi.

Na sisi wazazi tunafunga macho. Juu ya nini? Juu ya mwezi wa kenda. Masomo ya primeri ni bure toka 2019, ndiyo, lakini segonderi si bure, na hata mu primeri kuko viatu, kuko madaftari, kuko uniforme. Mtoto wa miaka 13 anakuja anasema: "Papa, uniforme nitajitafutia mwenyewe." Papa ananyamaza. Kunyamaza kule ni mkataba. Mimi nimezoea mikataba, najua namna inavyowekwa sinyatire bila kalamu.

Basi mimi napendekeza kitu ambacho kitachekesha wengine. Vakanse hii watoto wetu wajifunze kupika chakula cha nyumbani na kufanya kazi za mikono. Wote. Na nikisema wote, nafikiri kwanza wavulana.

Kamarade mmoja wa ekipi yangu alisikia maneno hayo, akanijibu: "Mutoto mwanaume anapika juu ya nini? Bibi yake atafanya nini kesho?" Watu mu kombi wakacheka sana. Nikamwambia: angalia watu wanaotoka mbali kuja kufanya kazi kwetu, wale wanakodi chumba kimoja watu watatu, mabibi wamebaki Kamina ao Kananga. Wanaume wazima, wenye mikono inayoweza kufungua motere ya kamio ya tani mia, na hakuna mmoja anayejua kupika maharagi. Asubui wanakunywa chai na sukari mingi na kipande cha mkate, wanaingia kazini masaa kumi na mawili. Jioni wanakula malewa kwa deni. Mwisho wa mwezi mama wa malewa anangojea ku mlango wa kampani na daftari yake, na ile daftari inakula mushahara mbele ya bibi na watoto. Kisha wanakuja kwetu sendika: "Delege, mushahara hautoshi." Ni kweli hautoshi. Lakini kipande kimoja kimebaki mu sahani ya watu.

Na kuko lingine. Tunapokaa ku meza kujadili konvansio kolektivu, wakubwa wa kampani wanakuja na makaratasi yao ya bei. Delege asiyejua kilo ya unga inalisha watu ngapi, ao fungu la makala linapika mara ngapi, atapinga na nini? Atapiga meza tu. Nimeona wanaume wanapiga meza vizuri sana na wanatoka mikono mitupu. Hesabu ya nyumba ni silaha, na tunaiacha yote kwa mabibi zetu, ambao hawaalikwe ku ile meza.

Sasa kupika ni nini? Si kuwasha moto na kutupa vitu ndani. Kijana ajifunze bukari ya kweli: maji ya moto, uji kwanza, unauacha unaiva, kisha unaongeza unga kidogo kidogo na kusonga bila kuogopa mvuke. Ajue pia kuchanganya unga wa mahindi na unga wa muhogo, juu mahindi yetu mingi inatoka Zambia, na Kasumbalesa kukiwa shida kidogo tu bei inapanda siku ileile. Mwenye kujua kuchanganya anasukuma mfuko wake siku zingine nne, tano.

Sombe ndiyo masomo makubwa. Majani ya muhogo mabichi yako na sumu ndani, haiko hadisi ya wazee. Kuponda vizuri mu kinu na kuchemsha muda mrefu, chungu kikiwa bila mfuniko mwanzoni, ndiyo kunaitoa. Ni vilevile na muhogo mchungu: unaulaza mu maji siku tatu, siku ine, kisha unaanika. Mtoto anayesoma kemia mu segonderi na hajui mambo haya, nauliza anasoma kemia ya inchi gani.

Na munkoyo! Unapika uji wa mahindi, unaacha upoe mpaka kidole kinavumilia, unatia mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Kesho yake uji umekuwa mwepesi, umekuwa mtamu, na haukutia sukari hata kijiko. Ni ile mizizi inageuza unga wa mahindi kuwa sukari. Viwanda vya bia vinafanya kazi ya namna ileile na mashine za mamilioni, bibi zetu walikuwa wanaifanya na chungu. Mimi sijui prezantasio nzuri ya siansi kuliko hiyo, na inakunywewa.

Neno moja la usalama, mnisamee, ni kasoro ya kazi yangu. Usiku wa mwezi wa saba ni baridi kali. Mbabula yenye makala isiingizwe mu chumba kilichofungwa eti watoto wapate joto. Gazi ile haina harufu, na watu wanalala bila kuamka. Kijana anayejifunza kupika ajifunze hiyo siku ya kwanza, mbele ya chumvi.

Kazi za mikono je? Hapa tuko na historia inayofaa kuangaliwa. Wakati wa Union Minière, na nyuma wakati wa Gécamines, kulikuwa foaye mu makambi. Wamama na wasichana walifundishwa kushona, kufuma na sindano, kupika. Wavulana walipelekwa ku chuma: kusudi kuzaliwe ajustere, sudere, umeme. Kampani iligawanya hivi: chuma kwa mwanaume, uzi kwa mwanamke, na mposho kwa wote. Tulikubali mpaka tukafikiri ni Mungu aliyegawanya.

Kisha miaka ya 90 ikaja. Kamoto ilianguka mwaka 1990, mishahara ikachelewa mwezi, ikachelewa miezi mingi, mposho ikakatika. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10 000 wa Gécamines waliondolewa ku kazi kwa ile operasio iliyoitwa ya kujitolea, na Banki ya Dunia ndiyo ilileta feza. Nani alibeba nyumba wakati ule? Mzee wa chuma alikaa ku kiti mbele ya nyumba, anangojea habari. Mama ndiye alikaanga mikate, alilima shamba nje ya muji, alifuma vitambaa vya meza na kuviuza. Mimi nilikuwa kijana wakati ule. Nilikula ile mikate. Na mpaka leo mu kitabu gani cha kampani imeandikwa kwamba wamama walilipa mishahara ya wafanyakazi kwa miaka ile yote?

Kwa hiyo sitaki kazi ya mikono irudie mugawanyo wa foaye. Kijana ashone. Viraka vya kitenge ambavyo fundi anatupa vinatosha kwa mfuko wa masomo, na mfuko ule ni feza ambayo haitoki mwezi wa kenda. Msichana naye apinde waya. Motoka za waya ambazo watoto wetu wanafanya, zenye usukani mrefu na magurudumu yanayogeuka, ni mekanike ya kweli, na wageni wanazinunua. Lakini waya wa chuma, wa taka, nasema kabisa. Shaba ya kukata ku kable tunajua mwisho wake.

Malakite nayo ni uzuri wetu, kuko mafundi hapa na Likasi wanaofanya shanga na sanduku ndogo za ajabu. Mtoto anaweza kuangalia, anaweza kutunga shanga zilizo tayari. Kusaga na kupolisha jiwe ni kwa mtu mzima, na maji, na kitambaa ku pua, juu vumbi yake ni mbaya kwa mapafu. Tukiwatoa watoto ku mto kisha tunawapa vumbi ileile mu kiwanja cha nyumba, tumefanya nini?

Sasa nafika pale panaponiuma. Namjua msichana mmoja, sitaji jina wala barabara, iko na miaka 14. Vakanse nzima ya mwaka jana alikaanga mikate. Saa kumi ya usiku ameamka, saa kumi na mbili iko ku barabara na beseni ku kichwa. Watu walimsifu sana: mtoto wa nguvu, mtoto mwenye akili. Mwezi wa kenda alirudi masomo na daftari tatu na viatu vyake vya zamani. Feza ilipita wapi? Ilipita mu nyumba. Hakuna aliyemwambia ni ngapi. Kaka yake, wa miaka 17, hakugusa hata sufuria moja, lakini simu alipata.

Mimi sendikaliste nauliza: kama kampani ingenifanyia vile, ningeita grève ama hapana? Mfanyakazi hajui mushahara wake, hana masaa, hana siku ya kupumzika, na anayekula ni mwingine. Jina linabadilika tu juu bosi ni papa.

Ndiyo maana naomba wazazi waweke mambo mu daftari, hata ya kurasa chache. Upande mmoja vilivyoingia: unga wa ngano kilo moja, levire, sukari, mafuta, makala. Usisahau makala, watu wanasahau sikuzote, kisha wanafikiri wamepata faida. Upande wa pili mikate iliyouzwa na iliyobaki, ile tuliyokula wenyewe nayo inaandikwa. Kinachobaki, mtoto akijue. Kipande kiende ku uniforme yake, kipande ku nyumba kama shida iko, lakini yeye mwenyewe aone na asikie. Na masaa yawe ya asubui tu. Nyuma ya saa sita ni vakanse, mtoto acheze, asome kitabu, alale kama anapenda. Wasichana zaidi, juu wao kazi ya nyumba hawakuianza mwezi wa saba. Mwaka mzima walikuwa wanapiga deki wakati kaka zao wanarudia masomo.

Kuko watakaosema: papa delege amechoka kupigania mishahara, sasa anatufundisha mandazi. Hapana. Mandazi haiondoi deni ya kampani hata franka moja. Sutretansi inayolipa mtu nusu ya mwenzake kwa kazi moja itabaki mbele yetu, na tutaishuhulikia. Lakini nikingojea mushahara mzuri ufike ndipo nitoe mtoto ku mto, atakuwa amekwisha kuzeeka kule, kama hajafunikwa na udongo.

Sisi mu barabara yetu tumepatana hivi. Siku ya kwanza na siku ya ine ya juma, kutoka saa mbili mpaka saa tano, kiwanja cha mzee mmoja aliyekuwa sudere kinafunguliwa. Yeye anafundisha waya na koleo. Mama wawili waliopita mu foaye zamani wanafundisha sindano. Jikoni ni ya zamu, kila nyumba inaleta kikombe kimoja cha unga na makala kidogo, na wanaopika ndio wanaokula kwanza. Hakuna kulipa. Wasichana walijiandikisha siku moja na wakajaa. Wavulana wamekuja wengi kwa waya. Kwa mbabula wamekuja wawili, na mmoja ni wangu.